Friji Lisilonguruma

Mwanangu Salma,

Umetoka na Bibi kwenda kuaga majirani, na Bibi hajui kuaga nyumba bila kukaa, kwa hiyo ninazo saa mbili, pengine tatu. Hamisi nimemtuma kwa fundi baiskeli ili nyumba inyamaze kidogo. Nimekaa kwenye mkeka kando ya sanduku lako, karatasi juu ya kifuniko, na kalamu hii inakwaruza kama kuku. Mwandiko wangu unaujua. Nilimaliza darasa la nane, nikaolewa, na tangu hapo nimekuwa nikiandika namba za kipimajoto, asubuhi na jioni, basi. Barua ndefu sijawahi kuandika. Nivumilie.

Habari za sabuni na shuka sitaziandika. Bibi amekueleza mara tatu, na ile sabuni uliyofungiwa kwenye kanga ameipangia foleni tangu alfajiri, hata ukitaka kuisahau hutaweza.

Nataka kuandika juu ya neno moja ulilosema juzi. Nilikuuliza kama unataka niombe ruhusa kazini nikusindikize mpaka shuleni, nikuone umepewa kitanda. Ulikuwa unakunja gauni. Hukuinua kichwa. Ukasema, "Usijisumbue, Mama. Mimi nimezoea."

Hukulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Hamisi, ambaye haendi popote, alikuwa amenuna nyuma ya mlango, analalamika kwamba na yeye anataka kupanda treni, mvulana mzima wa miaka kumi na miwili. Nami nikainuka kwenda kumbembeleza yeye. Nilipofika mlangoni ndipo nilipogutuka. Nimefanya tena.

Kabla hujaondoka kesho nataka ujue ulizoeaje, na nani alikuzoesha. Na kuna jambo la sikio lako la kushoto ambalo sijamwambia mtu, hata Bibi.

Unalikumbuka lile gari la kliniki? Wewe ulikuwa unaliona likiwa limesimama hapo barabarani, mimi napanda au nashuka. Ndani hukuwahi kuingia. Ndugu yako alijifunza kutembea humo ndani, na wewe hujui hata pazia lake lilikuwa la rangi gani. Lilikuwa la kijani.

Lilikuwa lori kuukuu lililojengewa nyumba mgongoni. Wazungu wawili, mume na mke, walilitengeneza hivyo walipokuwa wanafuata mbung'o porini, na walipoondoka baada ya uhuru wakaliacha. Lilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko, beseni lenye bomba, na makabati ya kufunga kwa komeo ili vyombo visimwagike. Likapakwa rangi upya, likawa letu sisi wa chanjo. Vijijini waliliita nyumba ya magurudumu. Tulikuwa watatu. Daktari, ambaye kwa cheo alikuwa mganga msaidizi lakini hakuna aliyemwita hivyo. Mzee Chibago, dereva, Mgogo. Na mimi mhudumu. Kazi yangu kuchemsha sindano, kuandika majina ya watoto na kulinda baridi ya dawa. Wanaume walilala kwenye hema, mimi nikalala ndani ya gari pamoja na dawa. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake Mwanza na barua zake zimekoma. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wewe mitano, Hamisi miwili.

Tulizunguka Urambo, tukarudi, tukashuka Sikonge hadi Ipole, na kutoka hapo tukaingia vijiji vipya ambako watu wamehamia juzi tu na nyumba bado hazijaezekwa. Tulipiga kambi penye kisima. Mzee Chibago alikuwa akisema penye visima hivyo ndipo walipolala wapagazi wa misafara zamani, maji hayajahama, wamehama watu. Akishasema hivyo ujue utani umeanza.

"Babu zenu Wanyamwezi walipita kwetu Ugogo na pembe mabegani, wakatulipa hongo wapate maji ya matope. Leo Mnyamwezi anakunywa maji ya barafu ndani ya gari, na anayemwendesha ni Mgogo. Hongo yangu iko wapi?"

"Utaidai kwa mkweo," namwambia.

"Nioe kwa Wanyamwezi? Nitakula nini, mzigo?"

Tulicheka sana kwenye lile gari. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nalia kila siku kwa kukukumbuka. Ningependa iwe hivyo, lakini haikuwa hivyo.

Mpango wa mwanzo ulikuwa niwaache nyote wawili kwa Bibi. Siku ya safari ya kwanza Hamisi alilia mpaka akatapika, akaing'ang'ania kanga yangu mpaka ikachanika pindo. Wewe ulisimama pale kwenye nguzo ya baraza, umeikumbatia kwa mkono mmoja. Ukanipungia. Nikamwambia Bibi, "Huyu mkubwa hana shida, angalia, hata halii." Bibi akasema, "Huyu hana shida kabisa." Tulikubaliana hivyo juu ya kichwa chako, na wewe unasikia. Wakati ule ulikuwa unasikia kwa masikio yote mawili. Daktari akaniruhusu mtoto mmoja, nikambeba anayelia.

Na huko njiani jina langu likabadilika. Mimi ni Mama Salma, wewe ndiye uliyenipa jina. Lakini wanawake wa vijijini waliona mtoto aliye mgongoni, wakaniita Mama Hamisi, na Daktari akafuata, na Mzee Chibago. Sikumsahihisha mtu. Niliitika.

Sasa nakuja kwenye mafriji. Usicheke.

Lile la kliniki hapa mjini unalijua, la mafuta ya taa, ambalo mpaka leo ndilo ninalohangaika nalo. Lile ni kama Bibi yako: ulikate utambi vizuri na ulisimamishe sawasawa, litafanya kazi mwezi mzima, ukiliudhi kidogo linatoa moshi chumba kizima. Safari haliwezi, moto wake unazimika barabara ikianza kurusha. Garini yalikuwemo mengine mawili. La kwanza, jeupe, waliliacha wale Wazungu. Halina mota. Linatumia gesi, linawasha kimoto chake kidogo kwa chini. Gesi ikiisha unageuza swichi, linakula umeme wa betri. Halitoi sauti hata moja. Unaweza kukaa nalo siku nzima usijue lipo. La pili lililetwa baadaye, dogo, la mota, chakula chake ni betri tu. Hilo lilikuwa na makelele! Linaanza ghafla, vikombe vinatetemeka kabatini, linanguruma wee, halafu linakata kwa kishindo na kunyamaza. Ukianza kusahau, linaanza tena. Mzee Chibago aliliita Hamisi wa Bati.

Betri ilikuwa moja, na ndiyo hiyohiyo ya kuwashia gari. Basi Daktari akaambiwa achague friji moja la kubaki garini na jingine lirudishwe. Akanipa daftari jipya. "Mama Hamisi, wewe ndiye unayelala nayo. Niandikie lipi linakula umeme zaidi."

Hakunieleza nipimeje, na mimi sikuuliza. Niliogopa. Nilikuwa msichana wa darasa la nane kati ya watu wanaosoma vitabu vya Kiingereza, nikaona nikiuliza wataona sijui kitu. Nikaenda zangu kupiga mistari. Safu mbili, moja kwa kila friji. Kila linaponguruma naweka alama. La mota likajaza ukurasa, alama zimesongamana kama uwele shambani. Jeupe nikaliandikia sifuri. Asubuhi sifuri, mchana sifuri, jioni sifuri. Nikaliangalia daftari langu nikafurahi. Nikaona nimegundua jambo: lile linalopiga kelele ndilo linalomaliza betri, na hili la kimya halitaki kitu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini kwanza.

Tulikuwa kijiji kimoja kipya mbele ya Ipole. Gesi ilikuwa imetuishia na mjini hapakuwa na mtungi mwingine, kwa hiyo dawa zote nilikuwa nimezihamishia kwenye la mota. Hamisi alikuwa na homa kidogo, na kila friji likianza kunguruma anashtuka na kulia. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri naandika majina. Nilikuwa nimechoka, Salma, uchovu ule wa kutamani mtu akupige ulale. Nikalizima la mota. Nikahamisha vichupa vyote kwenye lile jeupe, nikageuza swichi likala betri. Kimya. Hamisi akalala, na mimi nikalala. Nilikuwa na ushahidi wa daftari, sifuri kumi na ngapi sijui, kwamba halili kitu.

Asubuhi Mzee Chibago alibonyeza swichi ya kuwashia, gari halikukohoa hata mara moja. Nilifungua mlango wa friji. Ile barafu iliyokuwa kwenye kibati cha vichupa imekuwa maji, na maji yenyewe yana joto la kunawia mtoto. Kipimajoto sikutaka kukitazama, nikakitazama.

Dawa ya surua ikipata joto inakufa, hilo nilifundishwa siku ya kwanza kazini. Tena ikifa haibadiliki rangi. Inabaki vilevile ndani ya kichupa, nzuri, inang'aa.

Daktari alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee Chibago yuko nje, anakusanya watu wa kusukuma. "Sukumeni, wajukuu wa wapagazi!" Watu wanacheka, wanasukuma, gari likawaka. Nikawasha la mota, nikarudisha vichupa. Ilipofika saa nne kipimajoto kimesharudi mahali pake. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye safu ya asubuhi: baridi nzuri.

Nilijiambia ni mara moja tu. Nilijiambia labda haikuwa na joto kwa muda mrefu. Tukachanja kijiji kile, na kesho yake kingine.

Haya mengine ndiyo ambayo hujui.

Siku ya kurudi vilibaki vichupa vichache, vilitakiwa kurejeshwa kwa hesabu. Hamisi alikuwa ameshachanjwa safari ya kwanza, kwa dawa nzima kabisa, kwa sababu alikuwepo. Nikakufikiria wewe. Nataka uniamini hapa: nilikufikiria. Nikachukua kichupa kimoja, nikakiviringishia kitambaa chenye barafu, nikakitia ndani ya chupa ya chai. Kwenye hesabu nikaandika kimevunjika. Nilikuja nacho mapajani kutoka Ipole mpaka nyumbani, barabara inaturusha, nimekikumbatia kama yai. Nilijiona mama hodari. Nikakupeleka kwa rafiki yangu muuguzi, akakuchoma, akaweka alama ya wino wa buluu kwenye kadi yako. Hukulia. Ulininong'oneza tu, "Mama, leo utalala hapa?" Nikakwambia ndiyo, leo nitalala. Kesho yake nikaondoka.

Jambo moja nilijizuia kulifikiri. Kichupa kile kilitoka kwenye kibati kilekile kilichopata joto.

Baada ya wiki mbili Daktari aliomba daftari. Akafungua, akatazama zile sifuri, akatazama tena, akaanza kucheka kwa upole, unajua watu wengine wanavyocheka bila kukuumiza. Akaazima kipimo cha umeme kwa fundi wa magari, kile chenye mshale. Tukakiunga kwenye friji la mota. Mota ikanguruma, mshale ukaruka hadi tano. Mota ikakata, mshale ukarudi sifuri na kukaa hapo muda mrefu. Kisha tukakiunga kwenye lile jeupe. Mshale ukapanda kumi. Tukangoja ushuke. Nikachemsha chai, tukanywa, bado uko kumi.

Daktari akasema, "Umeona? Hili la makelele linakula, likishiba linanyamaza. Hilo jeupe kwa betri halishibi. Linakula muda wote, ila halisemi."

Mzee Chibago akaguna. "Kumbe ndilo lililotulaza siku ile Ipole."

Nikaweka kikombe chini. Daktari akanigeukia, na uso wangu ukasema kabla ya mdomo. Nikamweleza yote: homa ya Hamisi, swichi, barafu, lile neno nililoandika la baridi nzuri. Nilingoja anifukuze. Akafunika kikombe chake kwa mkono, akasema neno moja, "Tunarudi."

Tulirudi. Vijiji vyote viwili, watoto wote, jina kwa jina kutoka kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe. Daktari alisema mimi ndiye nitakayewaambia mama zao kwa nini, naye atasimama nyuma yangu. Nikasimama mbele ya mstari nikasema dawa ya kwanza iliharibika kwa joto, kosa ni langu, nililala.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanitazama juu mpaka chini. "Mwangaluka, mwenye kulala," akaniamkia. Wenzake wakacheka. "Sasa huyu wangu achomwe mara ya pili kwa usingizi wako?"

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe, umerudi. Wangapi wanarudi?" Akamshusha mtoto, akamshika mkono. Kisha akauliza, bila hila yoyote, kama mama anavyomuuliza mama mwenzake, "Na wako? Umemrudia?"

Alikuwa anamtazama Hamisi, amedhani ndiye pekee. Nikasema, "Ndiyo."

Hapo ndipo ulipopotea mikononi mwangu, mwanangu, katika neno hilo. Kusema hapana kungetaka nieleze kichupa. Kichupa nilikiiba. Rafiki yangu muuguzi angeulizwa kwa nini alitumia dawa isiyo na hesabu. Kwa Daktari nilikuwa nimeshatubu mara moja, sikuwa na uso wa kwenda mara ya pili. Nikasema nitakurudia safari ijayo. Kadi yako ilikuwa na alama ya buluu, kila anayeisoma anaona umechanjwa. Safari ijayo tukaenda Urambo. Iliyoifuata hiyo, nikasema bado kidogo. Na wewe hukuwa unaumwa, hukuwa unalia, ulikuwa ukinipungia pale kwenye nguzo. Watoto wa watu nikawarudia wote. Wewe sikukurudia.

Surua iliingia hapa mtaani kwetu Gongoni mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa Urambo. Bibi alinitumia salamu kwa mtu wa treni kwamba Salma ana homa lakini si mbaya, analala tu, hasumbui. Nikamaliza safari. Nilipofika vipele vilikuwa vinaondoka, ngozi inakubabuka kama magamba, na mto wako una doa la usaha upande wa kushoto. Nikakuuliza, "Sikio linauma?" Ukasema, "Liliuma. Nimepona." Nilikuwa nimechelewa siku tisa. Jirani aliniambia baadaye kwamba ulipoanza kupata nafuu ulikuwa unatoka kila jioni kwenda kukaa kwenye jiwe pale barabarani. Nilikuuliza ulikuwa unafanya nini. Ukaniambia, "Nilikuwa natazama magari tu."

Ulipita mwaka mzima ndipo mwalimu wako akaandika kwamba usipomtazama humsikii. Mwaka mzima, Salma, ukigeuza kichwa ili kila anayesema awe upande wa kulia, na sisi hapa nyumbani tunasema huyu mtoto ana maringo, akiitwa haitiki. Bibi alikuchapa siku moja kwa hilo. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Ulipopelekwa hospitali wakauliza kama ulichanjwa. Nikatoa kadi. Wakasema basi, hutokea, chanjo nyingine hazishiki. Nikakunja kadi nikaiweka mfukoni.

Wewe umekua ukiamini ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Ni mimi.

Lile friji jeupe hatukulitupa. Gesi ilipopatikana lilirudi kazini na lilipoza vizuri kuliko jingine lolote, tukahifadhi dawa humo miaka mingi. Friji halikuwa na kosa. Mwenye kosa ni aliyepima njaa kwa makelele, tena si katika daftari peke yake. Hamisi analia, anapewa, ananyamaza. Nikawa naona yeye ndiye mwenye kunimaliza. Na wewe muda wote ule ulikuwa unanitaka, muda wote, mshale uko kumi haushuki, ila hukusema. Nikakuandikia sifuri.

Sitaki umchukie ndugu yako kwa hili. Yeye alikuwa mtoto, alifanya linalomfaa mtoto. Nami sikuandikii hivi ili unionee huruma kwa kuwa nilikuwa na umri mdogo na nimechoka. Nilikuwa na umri mdogo na nimechoka, ni kweli, lakini kwa watoto wa Ipole uchovu huo haukunizuia kurudi.

Kuna mambo mawili nitakwambia kwa ukali wa mama, halafu basi. La kwanza: siku ya kwanza darasani, kabla hujakaa, nenda kwa mwalimu umwambie, sikio langu la kushoto halisikii, naomba nikae ambapo utakuwa kulia kwangu. Umwambie kwa mdomo wako. Usingoje agundue, mimi mama yako nilichukua mwaka. La pili: usijifanye mtu asiyehitaji kitu. Watu watakusifu kwa hilo. Mwalimu atakusifu, na ukiolewa mume atakusifu, watasema Salma hana shida kabisa, nao watakula sehemu yako huku wanakusifu. Najua unavyoipenda sifa hiyo, kwa sababu ndiyo pekee niliyokupa.

Nimeitoa kadi yako ya kliniki chini ya godoro. Nimeikunjia ndani ya barua hii. Ile alama ya buluu nimeipiga mstari leo kwa mkono wangu, na pembeni nimeandika jina langu. Imechelewa miaka kumi. Ila sitaki usafiri na karatasi yenye uongo wangu.

Wengine barua kama hii huificha ndani ya sanduku, isomwe treni imeshaondoka. Nami nilifikiria hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mahali chini ya gauni la shule. Halafu nikaona huko ni kukuacha tena kwenye nguzo, ukiwa na jambo zito na hakuna wa kumwambia, nami niko mbali sana, sisikii. Kwa hiyo nitakupa mkononi, ukishaingia tu, kabla ya magharibi. Utaisomea chumbani. Mimi nitakuwa uani nachambua mchele, na Hamisi hata akianguka mtini sitainuka.

Ukimaliza, njoo. Kama una hasira, njoo nayo yote. Kama unataka nipande treni kesho, sema nipande. Ruhusa nimeshaiomba, nguo zangu mbili ziko kwenye kikapu nyuma ya mlango. Kama hutaki nikuone stesheni, sema hivyo pia, nitabaki.

Chochote utakachokuja nacho, mwanangu, usije kimya. Na usiniambie umezoea.

Mimi,
Mama Salma